Mwenyekiti Anapiga Saa Nane

Krrr-wiiiii! Saa nane usiku, usiku wa tatu mfululizo, namba nisiyoijua, napokea nikidhani ni mama anaumwa, kumbe ni chuma kinalia kama paka aliyefungiwa kwa sufuria, halafu kimya. Sikulala. Asubuhi nikambeba mwanangu Awinja mgongoni mpaka benchi la kahawa la Pascalia, hapa Navakholo mkabala na kituo cha maziwa, maana mimi ndiye karani wa kituo, wiki ya tatu ya majaribio, na kulikuwa na hofu nyingine. Ofisi ya ushirika ilileta kisanduku cheusi cha kuunganisha tangi la baridi na laini ya simu, ili Isaiah, fundi aliye Kisumu, apige akiwa kwake, aingie, asome joto la maziwa bila kupanda gari. Nilikipanga mwenyewe kwa kompyuta, yeye akinielekeza. Lakini kila akipiga, kinamkatia! Sasa amesema ikifika saa sita mchana bado, anaandikia ofisi kwamba karani hawezi kazi.

Benchi lilikuwa na wenyewe. Barasa, tunayemwita Daiaspora kwa sababu alikaa Malaba miezi miwili. Na Wanzala, yaani Fundi Waya, anayetengenezanga redio za watu na kubaki na misumari ya ziada.

Pascalia: Mama Awinja, keti. Macho yako ni kama ya ingokho, kuku aliyeona kisu.

Nikawamwagia yote kwa pumzi moja.

Fundi Waya: Hiyo sauti ni satelaiti imepotea njia. Bandu bandu humaliza gogo.

Mimi: Gogo linaingia wapi hapo?

Fundi Waya: Linaingia polepole.

Daiaspora: Nyinyi watu wa mashamba! Malaba tukipigiwa na namba ngeni, tunajifanya tunaitumia shilingi kumi, jina linatokea, tunakata kabla pesa haijaenda. Leta hiyo namba.

Akabonyeza. Akatazama. Kahawa ikamwagikia goti na hakusema ai.

Daiaspora: Inasema Chrispinus Shikanga.

Mzee Shikanga alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu. Tulimzika Januari. Mimi mwenyewe nilisonga obusuma, ugali wa waombolezaji, siku hiyo! Nikaanza kulia, Awinja akalia kwa kunisaidia.

Fundi Waya: Si nilisema?

Pascalia: Ulisema satelaiti!

Fundi Waya: Na yeye yuko wapi? Si juu?

Daiaspora: Na anapiga saa nane kwa sababu bando za usiku ni rahisi, hata huko.

Pascalia: Lakini ampigie huyu mtoto wa watu kwa nini?

Daiaspora: Anataka hesabu ya maziwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye ameinama futi sita.

Fundi Waya: Hiyo krrr ni kanuni za ushirika. Anazisoma zote kwa mpigo mmoja.

Pascalia: Basi leo akipiga, mwambie tumeshachagua mwenyekiti mwingine.

Daiaspora: Usithubutu! Ataomba kura zirudiwe!

Hapo nikacheka, machozi yangali mashavuni, kicheko cha uoga kisichoshikika, na wao wakashikana mabega wakicheka kama wamelewa kahawa.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando na mtungi wake wa maziwa, akinisubiri nifungue kituo. Anaitwa Cherop, ameolewa upande huu juzi juzi.

Cherop: Mulembe. Samahani, mimi ni mgeni. Huyo mzee alipofariki, laini yake ilienda wapi?

Fundi Waya akamwangalia Daiaspora. Daiaspora akaangalia goti lake. Pascalia akafunika birika.

Bahasha! Ofisi ilinipa laini ndani ya bahasha, imeshatumika, kona imechakaa, na mimi ndiye niliyeisukuma kwa ukucha ndani ya kisanduku. Kumbe ni laini ya mzee, na kisanduku ndicho kinanipigia, krrr ikiwa lugha yake ya kuongea na kompyuta! Na kwa nini mimi? Kwa sababu kina ulinzi: ukikipigia kinakata kwanza, halafu chenyewe kinampigia yule aliyeruhusiwa, wezi wasiingie. Kwa kompyuta kulikuwa na nafasi ya kujaza namba ya kupigiwa. Na mimi, kliniki, chama, kanisa, popote pakiandikwa namba ya simu najazanga yangu!

Nikavuka barabara mbio, Awinja akidundadunda mgongoni. Nikafuta namba yangu, nikaweka ya Isaiah. Nikamwambia, kaka, jaribu sasa hivi, acha mambo ya usiku. Eti alikuwa anajaribu saa nane kwa sababu mtandao unakuwanga mwepesi! Kisanduku kikamkatia, roho yangu ikakatika pia. Halafu taa ikawaka kijani, ikapepesa, na simu yangu, asante Mungu, ikanyamaza.

Baadaye kidogo akapiga.

Isaiah: Nimeingia! Maziwa yako nyuzi nne, safi kabisa. Nitaambia ofisi uko sawa. Shida ilikuwa nini?

Mimi: Ilikuwa namba, kaka.

Hakuuliza ya nani.

Nikarudi benchini miguu haigusi chini, nikawaeleza, wakacheka mpaka Cherop akaweka mtungi chini.

Mimi: Lakini tafadhali, wazee wangu, ofisi isisikie.

Daiaspora: Mdomo wangu ni kaburi.

Pascalia: Wacha makaburi wewe! Mama Awinja, tunakuapia, hatuambii mtu mwingine.

Mimi: Mwingine? Kwani mmeambia nani?

Pascalia: Mchungaji tu. Nilimpigia pale jina lilipotokea. Yuko njiani na kwaya. Lakini baada ya kwaya, haki ya Mungu, hatuambii mtu mwingine.