Viti Kumi na Viwili vya Maombi ya Alice

Benchi letu liko kando ya barabara ya Arua kwenda mpakani Vurra, mbele ya jiko la Tahiru, Mnubi anayepika kahawa ya tangawizi. Ni ubao mrefu uliopigiliwa juu ya miguu miwili iliyokaribiana mno, kwa hiyo aliyekaa mwisho huu akiinuka ghafla, wa mwisho ule anaanguka. Ndiyo maana hapo mtu husema kwanza, "Nasimama," halafu ndipo asimame. Jumamosi hiyo tulikuwa watatu. Mwisho mmoja alikaa Fabiano, mkulima wa Aroi, tunayemwita Beba-Mbele. Katikati alikaa Kasereka, fundi cherehani aliyetoka Kongo, tunayemwita Protokoli kwa sababu kila arusi yeye ndiye anayeonyesha watu mahali pa kukaa. Mwisho mwingine nilikaa mimi, Jada, niliyefiwa na mke wangu Alice mwaka jana. Juma lililofuata tulikuwa na maombi yake ya mwaka. Kanisa lilikuwa limeniazima viti kumi na viwili vya plastiki vyenye mikono, vile vinavyowekwa mbele chini ya turubai, kila kimoja na jina la atakayekikalia limebandikwa mgongoni. Watu wengine wote hukaa kwenye mikeka. Nilikuwa na karatasi na kalamu, na majina yalikuwa yamekwama.

— Umefika ngapi, Mzee Jada? Kasereka aliuliza.

— Saba. Padri, katekista, na wakwe watano kutoka Koboko.

— Andika wakwe wane. Yule mjomba yao hakai. Yeye anatembea tu, anakagua nyama.

— Nikimwacha, ndiyo siku atataka kukaa.

— Basi inabaki tano, Fabiano alisema. Moja ni yangu. Mimi nilibeba sanduku ya Alice mbele, upande ya kushoto.

— Wabebaji mulikuwa sita, Kasereka akamwambia.

— Lakini nani alikanyaga shimo ya panya? Ni wa mbele kushoto. Mguu ilivimba siku tatu. Wale wa nyuma walikuwa wanatembea tu na mikono juu, kama watu wanaaga basi.

— Na mimi nilishona gauni ya mwisho. Nikaweka mifuko mbili.

— Maiti anafanya nini na mifuko?

— Alice alikuwa mutu ya leso. Siku zote leso. Akifika huko ataweka wapi?

Mimi nilitazama kikombe changu. Nilikuwa sijui habari ya mifuko hiyo, na nilifurahi kuijua.

Tahiru alikuwa akipuliza mkaa. Aliinua kichwa.

— Mimi ni Mwislamu, usiniandike. Mimi nitakuwa kwa kahawa. Lakini nauliza. Nyinyi Wakristo, huko mbinguni kiti munapata namna gani?

— Ni kama forodha ya hapa Vurra, Kasereka alisema. Unafika na makaratasi. Ubatizo, muhuri. Kipaimara, muhuri. Ndoa, muhuri. Moja ikikosa, unaambiwa weka lori yako kando.

— Na yule mwizi wa msalaba? Katekista wenu alihubiri hiyo na spika mpaka kuku yangu ilisikia. Hakuwa na muhuri hata moja, na aliingia siku ile ile.

Kasereka alikunywa polepole.

— Huyo alipita na mwenye nyumba. Mutu akiingia na mwenye nyumba, askari wa mulango hamuulizi kitu.

— Sasa muhuri ni ya nini?

— Ni ya sisi ambao tunafikiri tutapita peke yetu.

Nilitaka kuandika neno hilo, lakini Fabiano alikuwa ameshaanza kuliharibu.

— Mimi nafikiri huyo mwizi aliingia, sawa. Lakini alikaa kwa mkeka. Nyuma kabisa, karibu na mlango. Huwezi kuiba miaka yote halafu ukae sawa na Petro.

— Petro alimkana Bwana mara tatu, nilimkumbusha.

— Basi Petro naye, mkeka.

— Paulo alitesa watu, Kasereka alisema.

— Mkeka.

— Daudi alichukua bibi ya mutu.

— Huyo hata mkeka asipewe, akae kwa majani.

— Sasa hizo viti anakalia nani, Fabiano? Tahiru aliuliza.

Fabiano alijikuna ule mguu wake.

— Wabebaji. Wale wane walibeba mgonjwa wa kupooza mpaka juu ya paa. Hao iko na viti. Na mimi nitauliza nani alikuwa mbele kushoto.

Tahiru alicheka mpaka akamwaga maji kwenye mkaa. Kasereka alitumia nafasi hiyo kuivuta karatasi yangu. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

— Ulrich hayuko. Hata kwa mkeka.

— Hayuko, na hatakuwepo, nilisema.

Ulrich ni Mkongo anayesukuma mizigo ya watu kwa baiskeli kutoka Vurra. Si ndugu yetu. Alice alikuwa akimpa chakula. Siku ya mazishi alikuja amelewa, akasogea mno kutazama, akatumbukia kaburini kabla ya sanduku. Walimtoa kwa zile kamba za kushushia. Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka, na padri akaficha uso ndani ya kitabu. Nilimwambia Ulrich mbele ya watu wote asikanyage tena kwangu. Tangu siku hiyo, kila jioni ninaposali Baba Yetu, pale pa kusamehe napita haraka.

— Alitangulia kuangalia kama ni pazuri, Fabiano alisema.

— Usinichekeshe kwa jambo hili.

— Sikuchekeshi. Mutu mwingine yeyote hakushuka.

— Yeye hakushuka. Alianguka.

— Kwa forodha hawaulizi kama ulishuka ama ulianguka, Kasereka alisema. Wanaandika tu kwamba umefika.

Hapo nikaona baiskeli yenye gunia la mihogo ikija taratibu. Nyuma yake alikuwa Ulrich, hajalewa, shati limefungwa vifungo vyote. Aliisimamisha mbali kidogo, akavua kofia.

— Baba Jada, shikamoo.

Sikuitikia. Tahiru aliitikia kwa niaba yangu, ingawa umri wake na wa Ulrich ni mmoja.

— Sikuja kuomba kiti, Ulrich alisema. Nilisikia zile viti ya kanisa iko na vumbi ya mwaka mzima. Nitakuja asubuhi sana, nioshe, halafu niende kabla watu hawajafika. Na ya nyumba pia nitaosha. Nauliza kitu moja tu. Pale nyumbani mama alikuwa anakaa kiti gani? Hiyo nataka kuosha ya kwanza.

Nyumbani tuna viti vinne. Niliishi na Alice miaka thelathini na mmoja.

— Ile ya karibu na redio ni ya Mzee, Fabiano alianza. Mimi nikija nilikuwa nakalia ile ya dirisha.

— Mimi ile ya bluu, Kasereka alisema.

— Basi ni ile yenye mto, nikasema.

— Hapana, Baba. Hiyo alikuwa ananipa mimi, Ulrich alisema. Hata siku nimekunywa, alinipa hiyo hiyo.

Nilianza kukumbuka. Nilimwona Alice amesimama na sufuria. Nilimwona amechuchumaa jikoni. Nilimwona mlangoni, leso mkononi, akimwambia mtu, "Karibu, kaa." Nilitafuta siku moja ambayo amekaa kitini, na sikuipata.

Nilichukua karatasi kwa Kasereka nikaikunja. Niliinuka, nikamwonyesha Ulrich mahali pangu.

— Kaa, nilimwambia.

Nilikuwa nimesahau kusema "Nasimama." Ubao uliruka upande wangu. Fabiano alikwenda chini kwa mgongo, Kasereka akateleza juu yake, na kahawa ya vikombe vitatu ikawafuata wote wawili. Tahiru aliinamisha birika lake juu ya kikombe ili atujazie tena. Halikutoa hata tone.

Ulrich alikuwa wa kwanza kufika. Alimtoa Kasereka, akamshika Fabiano kwapani ambebe. Fabiano alimsukuma mkono, akajinyoosha pale pale vumbini, akatazama juu.

— Jada, alisema, mimi niandike kwa mkeka. Huku si mbaya.