Aliniinua Polepole Kutoka Shimo la Huzuni

Jina la Bwana lisifiwe na kila aliyeingia humu asubuhi hii, ndugu zangu, hata na wewe uliyeingia bila nguvu ya kuimba. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Paulina, mke wa Daudi, wa hapa hapa Endasak. Wengi mnanijua. Wengine mlinijua wakati ule nilipokuwa sisemi na mtu, na mlinizungumzia sana, wala siwalaumu. Nimeomba nisimame leo kwa sababu naamini kuna mtu humu ndani anaumwa kile nilichoumwa mimi, na pengine hajui kwamba ni ugonjwa.

Nilizaliwa Tlawi, kule juu kwenye baridi. Nilikuwa mwimbaji. Sauti yangu ilikuwa ya kwanza kusikika kanisani, na baba alizoea kunitania kwamba naimba hata nikizoa kinyesi cha ng'ombe zizini. Nikaolewa na Daudi, nikaja huku kwenye mteremko wa mlima Hanang. Daudi ni mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Tulilima mahindi na maharage, tulikamua ng'ombe wetu, tukampata Marta, halafu tukampata Samweli. Maisha yalikuwa ya kawaida kabisa, ndugu zangu, na mimi niliyaona kuwa madogo.

Ikaja amri ya serikali ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Kila nyumba humu inaikumbuka kwa namna yake, na sikusimama hapa kuihukumu. Shule anayosoma Marta imetokana nayo, na zahanati nitakayowasimulia imetokana nayo. Lakini sisi zamu yetu ilifika mvua zikiwa zimekaribia. Daudi alipanda juu ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaing'oa nguzo moja moja, tukazibeba mpaka kwenye kiwanja tulichopimiwa. Hatukuwahi kuezeka. Mvua ikatukuta na kuta nusu. Samweli alikuwa bado ananyonya. Akaanza kukohoa, kifua kikabana, na wakati huo zahanati ilikuwa misingi tu, mawe yamepangwa kwenye majani. Daudi alikimbia kutafuta gari. Aliporudi nalo mtoto alikuwa amekwisha kupoa mikononi mwangu.

Kaburi la kwanza la kijiji chetu ni la mwanangu.

Sikulia. Watu walikuja, wakaimba, wakaomba, mimi nimekaa kama gogo. Walidhani nina imani kubwa. Haikuwa imani, ndugu zangu. Ndani yangu kitu kilikuwa kimezimika. Wengine wakaanza kunikwepa, maana mnajua desturi yetu ya zamani, mama aliyefiwa na mtoto alitengwa, hakugusa vyombo vya watu wala kupita njia yao. Siku hizi wengi tumebatizwa na tunasema mambo hayo yamepita, lakini hofu yake haijapita. Nikija kisimani wanawake walinipisha wote, nikachota peke yangu.

Nyumba ikaezekwa, mahindi yakapandwa, watu wakaendelea. Mimi sikuendelea. Niliamka kabla ya jogoo, na kabla sijafumbua macho ule uzito ulikuwa umeshanikalia kifuani. Chakula kilikuwa kama udongo mdomoni. Nikaacha kuoga, nikaacha kukamua. Marta alikuja na kitana nimsuke, nikakiangalia kile kitana nisijue nianzie wapi. Nilikaa nyuma ya nyumba, uso ukutani, mpaka jua linatua. Usingizi ukanikataa, na jirani mmoja akanionyesha kwamba pombe inalaza. Ni kweli inalaza, lakini ile asubuhi yake ilikuwa nyeusi mara mbili.

Niliomba. Msije mkadhani sikuomba. Niliomba mpaka maneno yakaisha, nikabaki nasema tu "Bwana, Bwana," kisha hata hilo likaisha. Wengine walisema nimelogwa. Wengine walisema nina dhambi iliyofichwa. Mimi niliamini yote mawili.

Asubuhi moja nilimvalisha Marta gauni lake la kanisani, nikampeleka kwa mama mkwe wangu, Bi Amsi, upande wa pili wa kijiji. Nilimwamkia, nikamwambia mtoto atakaa kwake. Nikamweleza ng'ombe gani yuko karibu kuzaa na Daudi anapenda uji wake uweje. Nilisema taratibu, bila machozi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilijisikia mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kufa.

Bi Amsi hajabatizwa. Nilikuwa namwogopa tangu siku niliyoolewa, na sikudhani ananipenda. Aliniangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Paulina, unaniaga?"

Sikuweza kumdanganya. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Akanishika kifundo cha mkono, akamtuma Marta akamwite baba yake, na hakuniachia mpaka Daudi alipofika anahema. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alimimina maziwa kwenye kibuyu chake cha kunywea, akanywa yeye kwanza, akanipa mimi, akanywa tena baada yangu, majirani wakiona. Mwanamke mzee aliyelelewa katika desturi ile ile!

Kesho yake tuliondoka sisi watatu, mimi, Daudi na Bi Amsi, kwa lori la mahindi mpaka Dongobesh, tukalala kwa jamaa, tukaendelea hadi hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyetoka mkoa wa mbali. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akaniuliza kuhusu usingizi, chakula, mtoto. Kisha akaniuliza waziwazi kama nataka kufa. Nikasema ndiyo. Nilingoja ashtuke au anikemee. Akaitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mahali panapouma.

"Mama, huu ni ugonjwa," alisema. "Hujalogwa, na hujamkosea Mungu. Ninao wagonjwa wengine kama wewe."

Walinilaza wodini. Wakanianzishia vidonge. Daktari alinionya kwamba kinywa kitakauka, nitajisikia kusinzia, na nafuu haitakuja upesi, nisikate tamaa. Nilipokaribia kuruhusiwa alituita wote. Alisema vidonge vitaninyanyua, lakini nikirudi kukaa nyuma ya nyumba peke yangu vitachoka kunibeba. Akamwagiza Daudi nisishinde peke yangu. Akasema nitoke kwenye jua la asubuhi, nitembee, nile hata kama sina hamu, maharage na mboga na maziwa, nilale na kuamka saa zile zile, na pombe niiache kabisa. Nilimsikiliza nikifikiri, huyu ananiambia nini? Nimefiwa, ananiambia habari za mboga.

Tuliporudi kijijini zahanati ilikuwa imeshafunguliwa, na nesi wake alikuwa Bi Zainabu, Mwislamu kutoka Kigoma. Hakukubali Daudi anichukulie dawa. Alisema nitakuja mwenyewe, kwa miguu, kila wiki, hata nikichukua siku nzima njiani. Nilimchukia, ndugu zangu. Bi Amsi alikuwa anafika mlangoni asubuhi na fimbo yake, anasimama tu, mpaka naona haya na kuinuka. Tulitembea bila kusema. Nikichoka tuliketi juu ya jiwe, tukatazama mlima, tukaendelea. Siku nyingine zote alinipeleka shamba la kijiji, akaniweka katikati yake na wanawake wengine. Mwanzoni jembe lilikuwa linaanguka tu bila nguvu yangu. Hakuna aliyenisema. Nadhani Bi Amsi alikuwa amewaonya.

Nafuu ilikuja kama daktari alivyosema, bila kujitangaza. Siku moja niliona nimelala mpaka kumekucha. Siku nyingine nilimsuka Marta, kichwa chote. Kisha mbuzi wa jirani akaingia kwenye maharage yangu, nikamfukuza kwa mawe na matusi mpaka kwa mwenyewe. Niliporudi, Bi Amsi alikuwa amekaa chini anacheka mpaka anajifuta macho. Alisema, "Sasa umeanza kurudi."

Ningependa ushuhuda wangu uishie hapo. Hauishii hapo.

Alipita mhubiri mgeni, si wa usharika wetu. Watu walinipeleka mbele, wakaniwekea mikono, na nilijisikia vizuri kweli, niliimba siku ile. Akatangaza kwamba nimefunguliwa, na kwamba anayeendelea kumeza vidonge baada ya kuombewa anamwita Mungu mwongo. Wenzangu walinisindikiza nyumbani wakiimba. Wakataka vidonge. Nikawapa, wakavitupa chooni kwa shangwe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wananipenda.

Mvua za mwaka ule zilipoanza nilikuwa nimerudi nyuma ya nyumba, uso ukutani. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu safari ya kwanza nilikuwa na matumaini ya kuombewa. Sasa nilikuwa nimeombewa, nimepona, na nimeupoteza uponyaji. Nilijiona nimelaaniwa. Waliokuja kuniimbia waliacha kuja, nadhani kwa haya. Daudi aliuficha mundu na kamba zote za ng'ombe, akawa analala mlangoni. Yule mume wangu asiyesema, nilimsikia analia zizini.

Bi Amsi alikuja na fimbo yake. Alisimama mbele yangu akasema, "Mungu wenu alikupa dawa, mkaitupa chooni. Basi mwombeni awape nyingine. Inuka, mimi nitakupeleka."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi. Hakuna neno lililoniingia kama hilo, na limetoka kwa mtu ambaye hajaingia kanisani.

Njia ile ya zahanati tuliimaliza jioni. Nilimwogopa Bi Zainabu, nilijua atanifokea. Hakunifokea. Alinikalisha, akanipa chai, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Kuomba, omba. Mimi pia nakuombea, kwa namna yangu. Lakini dawa hii haiachwi ghafla. Utaiacha siku daktari atakaposema, si mimi wala mchungaji." Akanipangia safari ya kurudi kwa daktari, na daktari akanianzishia tena.

Nilianza upya, chini kabisa. Vidonge jioni, fimbo ya Bi Amsi asubuhi, jua, jembe, maharage. Mzee mmoja wa kanisa letu akasikia, akaja nyumbani. Hakuhubiri. Alitusaidia kupalilia mpaka adhuhuri, akaomba sala fupi, akaondoka, na wiki iliyofuata akaja tena na mkewe. Mkewe ndiye aliyeniambia nirudi kwaya, nisiimbe, nikae tu katikati ya sauti za wenzangu. Nilikaa hivyo muda mrefu, mdomo umefungwa.

Na siku moja, tunarudi kutoka zahanati, Bi Amsi akapinda njia bila kuniuliza, tukafika kwenye kaburi la Samweli. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu tulipomzika. Majani yalikuwa yamelifunika. Tulipiga magoti tukayang'oa kwa mikono, na katikati ya kazi hiyo nikaanza kulia. Nililia yale yote ambayo sikuyalia, mpaka sauti ikakauka. Bi Amsi aliendelea kung'oa majani karibu yangu. Niliporudi nyumbani macho yamevimba, Daudi aliniangalia, akajua, akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi.

Wengine hutaja saa waliyofunguliwa. Mimi siwezi kuitaja yangu. Bwana aliniinua polepole, kwa mikono mingi, mingine hata haikulitaja jina lake. Zamani niliona aibu kusema hivyo. Leo nasema bila aibu kwamba ni yeye aliyeweka dawa mkononi mwa daktari, na ni yeye aliyemsimamisha mama mkwe wangu mlangoni. Namshukuru. Nawashukuru.

Wala sijasema kwamba nimemaliza. Juma lililopita uzito ulinirudia asubuhi mbili, na nilitembea nao shambani, nikapalilia nao. Huzuni ya mtoto wangu haiondoki, na siombi iondoke. Lakini sitaki tena kufa. Hilo ndilo nililotendewa, na kwangu ni kubwa.

Sasa nakuambia wewe uliyekaa nyuma, unayeangalia chini. Hujalaaniwa. Mtegemee Bwana, na umwambie mtu, leo, kabla hujatoka hapa. Usibaki na hayo peke yako. Kesho ni siku yangu ya zahanati. Nitaondoka jua likichomoza, nitapita njia ya juu, na nitasimama kwenye kila nyumba ambayo mlango wake utakuwa wazi. Acha mlango wako wazi, ndugu yangu. Hatutahitaji kusema lolote njiani. Amina.