Kichwa cha Mbuzi na Mwenyekiti

Teksi ilipotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Adolphe, mgane asiye na neno jema kwa kiongozi yeyote, alitega sikio. Mbele yake Georgette, Mkongo kama yeye, alimsimulia mwanamke aliyeketi kando yake: "Nilichoma mbuzi nyuma ya nyumba. Mwenyekiti wetu wa kijiji akaleta ndugu zake, bakamaliza nyama, bakaacha kichwa na miguu. Batoto bangu bakalala njaa." "Pole, mama." "Pole ya nini? Kesho yake nikapika ile mabaki na maharagwe. Harufu ikamurudisha na sahani mukononi! Nikamwambia, 'Baba, zamu yako ilikuwa jana.' Batoto bakashiba, yeye akimeza mate."

"Ungemupa kidogo," alisema mwenzake. "Mukubwa ni mukubwa."

"Mu ofisi," alidakia Adolphe, "mu sufuria hapana!" Akacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu amzike mkewe. Teksi ikasimama Mbarara. Wanawake wakashuka wangali wanabishana.