Nyumba ya Ngazi Ngazi

Mwaka wa 1956, katika behewa la daraja la tatu kutoka Nakuru, nilikaa mkabala na kijana aliyeshika ramani ya nyumba mapajani. Alimwambia mama aliyekaa kando yake kwamba anaitwa Kimaiyo, ni mchoraji ramani, na kwamba mzungu mmoja wa Naivasha anataka nyumba ya kisasa Malindi, kwenye ploti inayoteremka mpaka baharini.

"Bosi wangu alitaka mteremko wote ukatwe. Mimi nimeishusha nyumba ngazi kwa ngazi, kila chumba kione maji."

"Wewe umewahi kuiona bahari?" mama akauliza.

"Bado. Lakini nimezaliwa Tambach. Mteremko naujua."

Nilimwamini. Tambach hata kuku hupanda kwa kupumzika.

Mama akaona jina pembeni mwa ramani. "Hili ni la bosi?"

"Ni langu. Alitaka aandike lake, nikakataa."

"Atakufukuza kazi, mwanangu."

"Alinifukuza jana. Ndiyo maana nampelekea mwenye nyumba mwenyewe."

"Na yeye akikuambia ulifute?"

"Basi atafute wa kumchorea nyingine."

Treni ikasimama Naivasha. Kimaiyo akashuka, akamwuliza askari wa stesheni njia ya shamba la mzungu huyo, kwa sauti iliyosikika behewa zima.