Kabwe Amédée, Aliyekataa Beseni

Marehemu ni Kabwe Amédée, mwana wa Kitenge aliyefungua njia ya mitumbwi kati ya matete ya Mulongo, mjukuu wa Muteba aliyegawa ghala lake lote mwaka wa njaa. Hakuwa mtoto wa kuokotwa.

Alizaliwa Mulongo tarehe 3 Mei 1924. Mama yake alipofariki, shangazi yake Élisa, anayesoma maneno haya, alimleta Kamina. Alisoma shule ya misheni mpaka mwaka wa sita, ingawa mwalimu alimtoa nje mara nyingi kwa kuchezea mpira wa matambara chini ya dawati.

Mwaka 1942 aliingia kazi katika karakana ya reli. Baadaye timu ya mji ilimchukua, yeye na rafiki yake Nkashama. Huyo Nkashama alikula bukari, ugali wetu, nyumbani kwetu kama mtoto wa tumbo.

Julai 1949 timu ilikuwa iende Élisabethville kucheza fainali. Desturi yao ilikuwa hii: kila mchezaji aoshe miguu katika beseni la dawa ya mganga, ndipo apewe jezi. Marafiki hawa wawili, Wakristo wote, waliomba pamoja mezani pa shangazi, wakapatana kukataa. Siku ya safari, pale kituoni, Nkashama aliitwa wa kwanza. Akavua viatu, akatia miguu yote miwili.

« Nkashama, na maneno yetu? »

« Kaka, minyi nataka kuceza. Mungu atanielewa. »

Kabwe alipoitwa, hakuvua viatu. Kapiteni akacheka: « Weye pasteri, bakia na Mungu yako. Treni haingojake maombi! »

Jezi ya Kabwe akapewa mwingine. Sisi tulidhani Mungu atawaonyesha. Wapi! Walishinda, na bao alilifunga Nkashama. Waliporudi na kombe, walipita mbele ya nyumba yetu makusudi, wakiimba. Mmoja akapaza sauti: « Pasteri, Mungu yako alikosa tiketi? »

Kabwe akajibu mlangoni: « Hakupanda. Alibakia na minyi. »

Kisha akaingia ndani, akalia mpaka shati likalowa. Hawakumwita tena.

Tarehe 10 Juni 1950 alimwoa Bitota kanisani. Kiti cha Nkashama kilikaa kitupu. Mtoto wao wa kwanza alipokufa, Nkashama hakuja mazishini pia. Kabwe alimgombeza Mungu waziwazi, jembe mkononi, hata jirani akamuuliza kama bado anaamini.

« Kama siamini, nagombeza nani? »

Kila Jumapili baada ya ibada alifundisha vijana wa kanisa mpira, bila beseni.

Ugonjwa wa kifua ulimshika mwaka 1956. Alifariki hospitalini hapa Kamina tarehe 12 Agosti 1957. Ameacha mjane wake Bitota, watoto Phébé na Médard, na shangazi aliyetangulia kuzaliwa akachelewa kufa. Mungu aliyebakia naye kituoni amkaribishe kwake, apumue.

Siku zake za mwisho alitoa filimbi yake ya kufundishia mpira chini ya mto wa kitanda.

« Shangazi, umupatie Nkashama. Vijana babakie na mwalimu. »

« Yule? Hata chai hakukuletea! »

« Njo yeye, hapana mwingine. Anajua namna muntu anaangukaka. Abaambie habari ya beseni, yeye mwenyewe, na kinywa yake. »

Filimbi iko juu ya sanduku alimolala. Nkashama, kama umesimama huko nyuma ya watu, pita mbele. Shangazi hajakusamehe bado, lakini Kabwe amesema. Njoo uichukue.