Mayai ya Nguruwe wa Mjomba

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya karakana ya Spana, fundi baiskeli, katikati ya machinjio na maabara ya mifugo. Kahawa anatumiminia Bi Mkubwa. Asubuhi hiyo Mkunga, mtu wetu wa maabara, alikuja amenywea. Wiki iliyopita nguruwe jike wa mjomba wake, mweusi, wa mwisho wa ukoo wake, alivunjika mguu ikabidi achinjwe. Mkunga alizitia ovari zake kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi vuguvugu, akayakomaze mayai maabara, ayarutubishe, mimba apandikizwe nguruwe mwingine. Sasa majibu yametoka.

Mkunga: Mayai arobaini na mawili. Halikukubali hata moja.

Spana: Mbegu za dume zilikuwa nyingi! Si ulisema kwa nguruwe zinaingia tano sita yai moja, linaharibika? Wapishi wengi huharibu mchuzi.

Mkunga: Hilo tulisharekebisha. Siku hizi tunazipunguza, na katika mayai kumi, sita yanakubali. Haya hata kukomaa hayakukomaa. Siku mbili kwenye virutubisho, kwenye joto zuri, yako vilevile.

Bi Mkubwa: Yalijua mama yao kafa, masikini.

Wakili (tunamwita hivyo kwa ubishi tu, sheria hajaisoma): Kweli! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Spana: Aliyekufa ni mzazi, wewe!

Wakili: Ndiyo maana uchungu ukakosa wa kuujua. Tena sikilizeni. Mashine yao ya joto imezoea nguruwe weupe. Imeona mayai ya mweusi, ikagoma.

Tukacheka. Mkunga hakucheka, alikuwa anazungusha kikombe.

Ndipo akatokea mzee mmoja, kofia mkononi, buti zina tope la zizini. Mkunga akasimama.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba. Nimetoka maabara, wameniambia. Bibi wa yule jike nilipewa na marehemu mama. Basi, ndiyo imeisha.

Bi Mkubwa akampa kahawa. Hakuinywa.

— Jambo moja tu, mjomba wangu. Machinjioni mpaka maabara ni dakika kumi. Wenzako wanasema siku ile ulifika baada ya saa nzima. Ulikuwa wapi?



Alikuwa hapa. Alipita mbio na chupa yake, Wakili akamvuta shati: “Haraka haraka haina baraka, kaa!” Spana akaomba kuona, kifuniko kikafunguliwa, chupa ikapita mkono kwa mkono. Mimi nilichungulia mara mbili. Mkunga alitwambia mayai ya nguruwe hayavumilii baridi hata kidogo. Tukamwambia asitufanye watoto, amalizie kwanza kisa cha daktari aliyeanguka kwenye josho la ng’ombe. Najuta. Kisa chenyewe hata hakikuwa kizuri.

Mzee alikuwa bado anangoja. Wakili, asiyekosa methali, aliangalia viatu vyake.

Mkunga: Nilichelewa njiani, mjomba. Nisamehe.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaondoka.

Benchi zima tulikuwepo, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia ni sisi.