Kiti cha Mtoto Siku ya Mechi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja uliovunjika tumeusaidia kwa tofali. Shangazi wa kahawa huja na birika lake saa tisa. Sisi tunakuwa tumeshakaa tangu saa nane, tunaangalia saa na kuguna kana kwamba ndio tuliomwajiri. Tuko wanne. Injinia anatengeneza televisheni. Shule ya uinjinia hajui hata mlango wake, ila ana bisibisi arobaini. Dokta ni mlinzi wa geti la hospitali. Kocha anauza matairi, na amewahi kufundisha timu moja tu, ikavunjika kabla ya mechi ya pili. Mimi nachora mabango ya maduka, na wananiita Mtangazaji kwa sababu nikiangalia mpira mdomo wangu haufungi. Hakuna jambo tusilolijua pale kijiweni, ndiyo maana hakuna anayetuuliza chochote.

Siku hiyo lakini nilikuja na shida ya kweli.

Mimi: Jamani, leo naomba tuongee kikubwa. Jumamosi saa kumi timu yetu ya Stesheni inacheza na Sokoni.

Kocha: Sasa hiyo ni habari? Hata mbuzi wa mtaa huu wanajua.

Mimi: Nataka kumpeleka binti yangu mahali akaangalie. Mgahawa wa familia. Mama yake kasema nikipata mahali ambapo mtoto atakaa mpaka filimbi ya mwisho, sawa. Nikikosa, mtoto anakwenda kwa dada yangu kusukwa nywele, na mambo ya mpira na baba yake yamekwisha. Jibu analitaka leo jioni.

Dokta: Na mtoto mwenyewe anasemaje?

Mimi: Kasema, "Kama itakuwa kama siku ile, baba, bora nikasukwe."

Hilo lilikuwa neno zito, maana binti yangu ana miaka tisa na kusukwa kwake mtaa mzima unakufahamu. Huanza kulia chanuo likiwa bado kwenye mkoba.

Injinia: Siku ile ndiyo ipi?

Aliijua vizuri sana. Tulikuwa wote, lakini nikawasimulia tena. Ilikuwa fainali ya mwaka jana, kwenye mgahawa ule wa karibu na posta, na ndiyo mara ya kwanza nilimchukua mwanangu kuangalia mpira. Tulifunga dakika ya sabini na tatu, nikaruka mpaka kandambili ikaenda jikoni. Filimbi ya mwisho ilipolia nikageuka nimbebe mabegani, na mtoto hakuwepo. Nilimkuta nyumba ya pili, kwa mama mmoja fundi cherehani, anapanga vifungo kwa rangi. Yule mama akaniambia, "Huyu yuko hapa tangu kipindi cha pili kianze." Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza. Nikipita pale kwa fundi najifanya natafuta kitu mfukoni.

Mimi: Mgahawa ule ulikuwa mbovu. Mlango uko wazi tu, mtoto anatoka kama upepo.

Injinia: Kosa halikuwa mlango. Kosa ni televisheni. Waliitundika juu mno, karibu na dari. Mtoto akiangalia juu dakika arobaini na tano, shingo inakataa, miguu inaondoka yenyewe.

Dokta: Miguu haiwezi kuondoka yenyewe bila sukari. Mlimpa soda ngapi?

Mimi: Sikumbuki.

Dokta: Unaona. Soda ikizidi, mtoto anatafuta mlango. Mimi nakaa getini miaka kumi na moja, watoto wote wanaotoroka wodini wamekunywa soda. Hiyo ni kitaalamu.

Kocha: Ninyi wote mnacheza pembeni ya uwanja. Meza zilipangwa vibaya. Mgahawa wa familia unatakiwa upangwe nne, tatu, tatu. Kina mama nne nyuma, watoto tatu katikati, kina baba tatu mbele. Hapo mtoto hapiti.

Mimi: Na wa kumi na moja?

Kocha: Mhudumu. Anasimama mlangoni, anadaka.

Shangazi akamimina kahawa. Shangazi tunalipenda sikio lake, ingawa mara nyingine nadhani analiacha nyumbani.

Nikawaambia tuache nadharia, tutaje migahawa kwa jina, mmoja mmoja, mpaka tupate wa Jumamosi. Nikaanza na ule wa ghorofani. Una bembea, una viti vifupi, televisheni iko usawa wa macho.

Kocha: Pale hapafai.

Mimi: Kwa nini?

Kocha: Kuna mtu alichora mpango wa mechi kwenye kitambaa cha meza. Kwa tomato. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha watu waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto wao.

Mimi: Mtu gani huyo?

Kocha akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto mno kwa mtu kuinywa vile.

Kocha: Nilikuwa nawafafanulia. Hawakuelewa kwa nini beki wetu wa kushoto anapanda.

Tukaufuta wa ghorofani. Nikautaja wa karibu na stendi.

Injinia: Huo uache.

Dokta: Ndiyo, uache. Injinia alipanda juu ya meza mechi inaendelea akasema picha ina ukungu. Akachomoa waya mmoja. Umeme ukakatika mgahawa mzima, mpaka friji.

Injinia: Nilikuwa nasaidia.

Dokta: Watoto walilia gizani.

Injinia: Saa kumi na moja jioni kuna giza gani? Walilia kwa sababu aiskrimu iliyeyuka. Hayo ni matokeo ya baadaye.

Nikautaja ule wa bustanini, wenye uzio na nyasi. Nilikuwa nao moyoni tangu mwanzo. Nikaona Dokta anajikuna kisigino, na Dokta hajikuni bila sababu.

Mimi: Dokta, umefanya nini bustanini?

Dokta: Sikufanya kitu. Nilitoka kazini moja kwa moja, nina filimbi yangu ya ulinzi shingoni. Dakika ya themanini na nane mtu anachezewa rafu, mwamuzi kapeta, mpira unaendelea. Nikapuliza.

Kocha: Alipuliza mara tatu.

Dokta: Hasira, bwana.

Kocha: Watu wakadhani mpira umekwisha. Familia nzima nzima zikalipa zikaondoka. Bao la ushindi likafungwa tukiwa tumebaki sisi wanne na paka.

Kwa hiyo mji wetu una migahawa minne ya kumpeleka mtoto siku ya mechi, na yote minne tumeshaiharibu. Niliyahesabu haya kimya kimya. Wenzangu hawakuyahesabu, wao waliona tatizo bado ni migahawa.

Dokta: Mimi nina jibu, ila msinicheke. Chumba cha kusubiria wagonjwa.

Injinia: Wapi?

Dokta: Hospitali. Fikirini. Televisheni ipo, viti vipo, vimefungwa chini kwa nati, hakuna wa kuruka navyo. Ukutani pameandikwa tulia. Pombe hakuna. Mtoto akiumwa na tumbo, daktari yupo hapohapo. Mimi nawaingiza kwa geti dogo, mkohoe kohoe.

Injinia: Kwangu ni bora. Karakana ina televisheni saba.

Mimi: Nzima?

Injinia: Moja ina picha, moja ina sauti. Ukikaa katikati unapata mechi kamili.

Kocha: Nyie mnarudi kulekule. Dawa ni kadi. Kila mgahawa uwe na mhudumu mwenye kadi za njano na nyekundu, awape kina baba. Ukipiga meza, njano. Ukisimama mbele ya watu, njano ya pili, unakwenda kumalizia chakula chako nje.

Dokta: Na anayebaki ni nani?

Kocha akafikiri sana. Akasema hajafika huko.

Muda wote huo alikuwa amesimama pembeni mtu mmoja mwenye unga kwenye nyusi. Kahamia mwezi huu, anafanya kazi ya kuoka mikate, tunamwona asubuhi akirudi watu wanapotoka. Alikuwa na kikombe chake cha kahawa, anatusikiliza kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa ofisi na hajui dirisha gani.

Mwoka mikate: Samahani, kaka zangu. Na mimi nina watoto wangu mapacha, miaka mitano, wananisumbua na hiyo mechi ya Jumamosi. Nilitaka kuuliza kitu kidogo.

Kocha: Uliza tu, umefika penyewe.

Mwoka mikate: Siku ile ya fainali, mtoto alikaa wapi?

Mimi: Si nimesema, pale karibu na posta.

Mwoka mikate: Hapana, naulizia kiti. Wangu wafupi. Nataka kujua kama pale kuna viti vya watoto, au alikaa kwenye hivi vya kawaida.

Nikafungua mdomo nimjibu. Mimi ninaweza kukuambia nani alipiga kona iliyozaa lile bao, aliipigia mguu gani, na soksi yake ipi ilikuwa imeshuka. Kiti cha mwanangu nikakitafuta kichwani, nikakikosa.

Mimi: Alikuwa pale. Karibu na mimi.

Kocha: Ngoja tuipange. Hili ni suala la mpangilio tu.

Akakusanya vikombe vyetu vinne, akapindua ndoo ya Shangazi ya kuoshea, akaifanya meza.

Kocha: Hiki Mtangazaji, ameelekea televisheni. Hiki mimi, kushoto kwake. Dokta huku. Injinia huku, karibu na waya, kama kawaida yake. Meza ilikuwa ya viti vinne. Moja, mbili, tatu, nne.

Shangazi akachukua kikombe cha tano, kidogo, kile ambacho mpini wake umevunjika. Akakishika juu ya ndoo. Ndiyo siku ya kwanza kumsikia akiingilia mazungumzo yetu.

Shangazi: Na hiki nikiweke wapi?

Kocha akasogeza kikombe chake. Akakirudisha. Dokta akasema labda alikaa kwenye kiti cha meza ya jirani. Injinia akasema meza ya jirani walikuwa mashabiki wa Sokoni, asingekaa. Dokta akasema basi alimpakata. Nani alimpakata? Dokta akasema alidhani ni Injinia. Injinia akasema alidhani ni mimi. Na mimi, baba mzazi, kwa kweli nilikuwa nimedhani ni mmoja wao. Kikombe kilikuwa bado hewani mkononi mwa Shangazi. Niliumia. Sikuwa na mtu wa kumsingizia tena, hata mlango.

"Shikamooni," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa mwanangu, ametoka shule, begi mgongoni. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Tukaitikia marahaba wote pamoja, kwa haraka, kama watu waliokutwa jikoni.

Mimi: Mama, njoo utusaidie kitu. Siku ile ya fainali, ulikaa wapi?

Binti: Sikukaa.

Mimi: Hukukaa kabisa?

Binti: Viti vilikuwa vinne. Nilisimama nyuma yako. Nikakuambia baba nimechoka, ukasema dakika mbili.

Hakulaumu. Alisema kama anajibu swali la hesabu. Hapo ndipo nilipotamani angelia.

Mwoka mikate: Na mpira uliuona?

Binti: Niliona namba tisa.

Kocha akachangamka, mpenzi wa namba tisa huyo.

Kocha: Ehee. Alicheza vizuri sana siku ile.

Binti: Siyo yule. Ya baba. Ya mgongoni kwenye jezi yake. Nimeiangalia mpaka mapumziko. Halafu nikaenda kwa fundi, yule mama akanipa kigoda.

Mwoka mikate akawa anatazama unga kwenye viatu vyake. Na mimi ndipo nikaona kwamba tuko wanne kwenye benchi, na mtoto mwenye begi la vitabu la kumzidi uzito amesimama nyuma yetu, palepale.

Tulilitambua wote kwa mpigo mmoja, na kwa mpigo mmoja tukasimama kumpisha. Lile benchi tangu lianze kuwepo halijawahi kuachwa na watu wanne kwa pamoja. Lilichomoka kwenye tofali, likainama, likaikumba ndoo, ndoo ikalikumba birika. Kahawa yote ikaenda mtaroni. Shangazi akaiangalia inavyokwenda, akafunga kanga yake kiunoni, akasema leo basi.

Mwanangu ndiye aliyeliinua benchi. Akaliweka tofali mahali pake, akalijaribu kwa mkono kama linatikisika, akavua begi, akakaa katikati. Nafasi ilibaki pande zote mbili lakini hakuna aliyethubutu.

Mimi: Sasa mama, Jumamosi tunakwenda mgahawa upi? Chagua wewe.

Binti: Wowote tu. Ila mimi nikae kwanza, halafu ndiyo nyinyi mkae.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia jezi nitaivaa ya bila namba. Akasema hilo halina shida, na nikaona ameinamisha kichwa kushoto, halafu kulia, anatafuta kitu nyuma yetu. Ng'ambo ya barabara wasichana wa darasa lake walikuwa wameshaweka matofali mawili ya goli na mpira umeanza. Sisi tulikuwa tumesimama wanne mbele yake, mikono nyuma, tunasubiri aseme tena.

"Baba," akasema, "mnaniziba."

Tukasogea.